Saruji kwenye Ukuta wa Ottmar

Paroko aliniambia niandike mistari sita. Kadi ya marehemu ni ndogo: upande mmoja una picha ya msalaba, upande wa pili una jina, tarehe, na hiyo mistari sita. Niliandika kwamba kaka yangu Ottmar Thielen alizaliwa hapa Lörenbach mwaka 1926, kwamba alikwenda vitani na akakaa kifungoni Ufaransa, kwamba alilima mizabibu na kujenga kuta, kwamba alisali rozari kila jioni, na kwamba alilala katika Bwana tarehe nne Februari 1988 akiwa amepokea sakramenti zote. Mstari wa sita ulinishinda. Paroko akaujaza mwenyewe kwa maneno ya Zaburi.

Ninayoandika hapa ni yale yasiyoenea kwenye kadi. Mengine ni yake na mengine ni yangu, na sijui namna ya kuyatenganisha.

Ottmar alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na kucha ya dole gumba la kushoto ilikuwa nyeusi mwaka mzima kwa sababu ya nyundo. Hakuweza kupita kwenye ukuta bila kuugusa. Tukienda Misa, mimi nasalimiana na watu njiani, yeye anapapasa ukuta wa makaburi kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe. Mama alikuwa akimfokea: "Ottmar, Mungu yuko ndani, hayuko nje!" Naye anajibu: "Naja, Mama. Huyu hapa anataka kuanguka, nimwambie asubiri kidogo."

Shamba letu liliitwa Ngazi ya Wamonaki. Ni kuta kumi na moja, moja juu ya nyingine, kutoka barabara ya mtoni hadi kwenye msitu, na kila ukuta umebeba mistari michache ya mizabibu mgongoni; mbili za chini kabisa ni za jirani, tisa za juu ndizo zetu. Wamonaki ndio walioujenga mteremko huo, miaka mia nane iliyopita, kwa mawe bapa meusi yaliyopangwa makavu, bila chokaa wala udongo wa kushikiza. Baba alitufundisha sote wawili, ingawa mimi nilikuwa msichana na baadaye nilipelekwa shule ya masista mjini. Alisema ukuta unakunywa na kukojoa kama mtu. Mvua inaingia juu, inatokea kwenye nyufa za mbele, na ukuta unabaki umesimama. Nilikuwa na miaka saba aliponiambia hayo. Sikuwahi kuyasahau, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Ottmar aliporudi kutoka kifungoni mwaka 1947, Baba alikuwa amefariki na kuta nne zilikuwa chini. Alizisimamisha zote kwa miaka mitatu. Kila Machi alibeba kikapu mgongoni na kurudisha juu udongo ulioshushwa na mvua za majira ya baridi, safari thelathini kwa siku, akila mkate wenye mafuta ya nguruwe na kitunguu, ameketi juu ya ukuta miguu ikining'inia. Alichumbia mara moja, msichana wa ng'ambo ya mto aliyeitwa Gertrud. Msichana huyo alikuja, akaangalia juu, akaangalia tena, akasema: "Ottmar, mimi nataka kuolewa na mwanamume, sitaki kuolewa na mlima." Aliolewa na mwenye duka la viatu. Ottmar alicheka sana alipokuwa akinisimulia, lakini hakuchumbia tena. Mimi nilibaki nyumbani kumtunza Mama, kisha nikabaki kumtunza yeye, na miaka ikapita hivyo.

Sasa inabidi nieleze jambo la usomaji, maana kila kitu kinatoka hapo.

Kila Jumatatu ya kwanza baada ya Sikukuu ya Epifania, watu wa Lörenbach hukusanyika katika Ukumbi wa Zaka, na mzee mmoja husoma sheria za kijiji zilizoandikwa na wamonaki na wakulima wao mwaka 1387. Nyingi ni za kuchekesha. Kuna ya kuku wa jirani, kuna ya mwanamke anayemtukana mwenzake kisimani, na watu hupiga meza na kuitana majina zinaposomwa. Ila sheria ya kuta ikifika, ukumbi unanyamaza. Inasema hivi: ukuta ukianguka, mwenyewe ana mwaka mmoja na siku moja wa kuusimamisha. Asipouweza, shamba linakwenda kwa aliye chini yake, maana yeye ndiye aliyeangukiwa. Na tena: ukuta ulioangushwa na Mungu, wote watauinua. Ukuta ulioharibiwa na mkono wa mwenyewe, mwenyewe atauinua peke yake.

Mahakama ya mjini haiijui sheria hiyo. Lakini katika maisha yangu nimeona familia mbili zikikabidhi mashamba yao kwa sheria hiyo, na hakuna aliyekwenda kwa wakili. Mtu wa Lörenbach anayekwenda kwa wakili juu ya ukuta, afadhali ahame.

Septemba 1981, kabla hata ya mavuno, nyonga ya Ottmar ilikataa kabisa. Alikuwa ameshaiburuta miaka miwili. Mavuno tulivuniwa na majirani, yeye akapelekwa hospitali mjini kuwekewa nyonga ya chuma, na kidonda kikamsumbua hata akakaa wiki kumi na moja. Siku ya kuondoka alinishika mkono mlangoni.

"Ukuta wa tatu una tumbo," alisema. "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Usiuguse. Ukizidi, mwambie mtu aweke magogo mawili ya kuegemeza, basi. Nikirudi nitaufungua mwenyewe na kuupanga upya."

"Kwa nyonga gani, kaka?"

"Kwa hii mpya. Wanasema ni ya chuma. Mimi nitakufa, yenyewe itabaki kaburini inang'aa."

Ukuta wa tatu ulikuwa na urefu wa mita ishirini na saba, mrefu kwenda juu kuliko mtu. Kuta zote za juu zilikuwa zimeuegemea kwa namna moja au nyingine. Chini yake lilikuwa shamba la Apollonia Reitz, mjane wa rika la Ottmar, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono mizuri ya kupogoa. Novemba nilipanda na kuliona lile tumbo. Lilikuwa limetoka kiasi kwamba ningeweza kuweka kikombe juu yake. Nilisimama pale nikimwona Ottmar akipanda na magongo yake, maana nilijua atapanda, hata kwa kutambaa, na nikamwona ameanguka na mawe juu yake. Sikuona kingine. Hofu hiyo ilinikaa kifuani siku nne, nikisali na bila kupata usingizi. Siku ya tano nilikwenda kwa Volkmar Hennes.

Volkmar alikuwa fundi muashi, kijana wa miaka thelathini wakati ule, aliyejenga gereji na mabanda kijiji kizima. Alipanda nami, akauangalia ukuta, akavua kofia.

"Dada Irmgard, huyu hajawahi kuonja saruji tangu azaliwe."

"Ataonja sasa. Ziba nyufa zote, ushikilie hadi kiangazi. Ottmar akipona atafanya anavyotaka."

"Mzee Ottmar anajua?"

"Ottmar yuko kitandani."

"Hilo siyo nililouliza."

"Volkmar, unataka kumwona akizikwa chini ya huo ukuta? Sema tu. Nikatafute fundi wa ng'ambo."

Alivaa kofia yake tena. Nami nilikuwa mwalimu wake wa katekisimu alipokuwa mdogo, na nadhani hilo lilimlemea. Mwishowe alisema, "Niache angalau matundu ya maji." Nikamwambia aache. Aliacha sita. Kwa mita ishirini na saba, sita. Wala yeye hakujua yanatakiwa mangapi, maana gereji haihitaji kukojoa.

Kazi ilichukua siku tatu. Watu walikuwa kwenye stoo zao za divai wakati huo na mteremko ulikuwa na ukungu, hakuna aliyetuona. Nilipoangalia ukuta ule ukiwa na mistari ya kijivu kati ya mawe meusi, niliona umetulia, na usiku ule nililala vizuri.

Ottmar alirudi siku tatu kabla ya Krismasi. Sikumwambia. Nilijiambia nisimharibie sikukuu, kisha nikajiambia nisimharibie Epifania. Katikati ya Januari, siku ya jua baridi, nilitoka kununua nyama na niliporudi kiti chake kilikuwa kitupu na magongo hayapo.

Nilimkuta juu. Alikuwa ameweka shavu na sikio kwenye ukuta, macho amefumba. Hakugeuka.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Volkmar. Nilimlazimisha."

Alipitisha kidole kwenye saruji, mstari mmoja, kisha wa pili. "Umemziba mdomo, mdogo wangu," alisema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Baba alikwambia. Nilikuwepo alipokwambia."

"Niliogopa utakufa."

"Najua uliogopa nini." Akachukua magongo yake. "Lete patasi ndogo na nyundo. Tutoboe kabla barafu haijayeyuka."

Tulitoboa wiki tatu, yeye akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikiwa nimepiga magoti. Saruji ya Volkmar ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Tulikuwa tumefikia theluthi hivi. Kisha Februari ikaja na joto la ghafla na mvua ya siku mbili juu ya theluji, na tarehe tisa asubuhi, tukinywa kahawa, tulisikia mlio kama gari la mizigo linalomwaga kokoto. Ottmar alisimama na kikombe mkononi. Alikiweka mezani polepole, akafanya ishara ya msalaba.

Mita ishirini na saba zote zilikuwa chini. Haukuanguka jiwe jiwe kama ukuta mkavu unavyoanguka. Ulikuja kama kipande kimoja, ukavunjika vipande vikubwa kama meza, na vipande vile vilishuka kwenye shamba la Apollonia na kulaza mizabibu yake arobaini na zaidi, mingine iliyopandwa na mumewe.

Apollonia alikuwa amefika kabla yetu. Nyuma yake walikuwa wanaume watano au sita, na koleo zao, tayari kusaidia, maana kwa mvua ile kila mtu alidhani ni ukuta ulioangushwa na Mungu. Apollonia alikuwa amesimama juu ya kipande kimoja, akikigonga kwa kisigino cha buti.

"Ottmar," alisema, "njoo uniambie hiki ni nini."

Ottmar alikuja na magongo yake, akatazama.

"Ni saruji," alisema.

"Naona ni saruji, sijapofuka! Nauliza imefikaje kwenye ukuta wa wamonaki? Wewe? Wewe uliyemtukana marehemu mume wangu mbele ya watu wote kwa ndoo moja ya chokaa?"

Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba mkono wangu uligusa koti lake. Nilifungua mdomo. Namwita Mungu shahidi kwamba niliufungua.

"Mimi, Apollonia," alisema Ottmar. "Nilimwagiza fundi kabla sijaenda hospitali. Nilichoka."

Wanaume walitazamana. Mmoja, Reinulf mwenye baa na mashine ya kukamulia zabibu, alisema taratibu, "Umechoka, Mzee Ottmar? Wewe?" Wakakaa kidogo, kwa heshima, kisha wakaweka koleo begani na kushuka mmoja mmoja. Volkmar alikuwa miongoni mwao. Alinitazama mimi, akamtazama Ottmar, na Ottmar akamtikisia kichwa: nenda.

Mimi nilifunga mdomo wangu. Haya ndiyo niliyoyafanya, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nyumbani nililia na kumwambia nakwenda kwa Apollonia sasa hivi, nakwenda kuwaambia wote kwamba ulikuwa hospitali, hukujua, ni mimi. Wangerudi na koleo zao, nilisema. Wangeuinua wote kwa mwezi mmoja.

"Na wewe?" aliniuliza. "Mimi nina kuta. Wewe una nini hapa kijijini? Una watoto wako wa katekisimu na kwaya yako. Watakuita nini kwenye kwaya?"

"Waniite wanavyotaka."

"Keti, Irmgard. Nimeshasema mbele ya watu. Unataka nionekane mwongo pia?"

Nikaketi. Alinipa sababu nami nikaipokea haraka mno. Nimeungama hilo mara nyingi, na mapadre watatu wameniondolea, na sina shaka na neno lao. Lakini ukuta haukuondolewa kitu.

Basi ukaanza ule mwaka. Alikuwa na hadi tarehe kumi Februari 1983.

Kilichomwua, kama naweza kusema hivyo, ilikuwa ni ile saruji iliyoshika mawe. Ukuta mkavu ukianguka unapata mawe yako yote, unayachagua, unayapanga. Haya yalibidi kubanduliwa moja moja kwa patasi, na mawe bapa ni mepesi kupasuka. Katika kila mawe manne aliyoyabandua, moja lilivunjika mkononi. Alitafuta mengine kwenye machimbo ya zamani msituni, nami niliyashusha kwa kikapu. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Nilibeba kokoto za kujazia, nilichimba msingi, niliinua nilichoweza. Aliupanga ukuta kama Baba alivyomfundisha, mawe marefu yakiingia ndani, kila baada ya mita moja. Magongo aliyaacha mwezi wa Mei. Nyonga ya chuma haikuwa imetengenezwa kwa kazi hiyo, na kufika Agosti alikuwa akipanda mteremko kinyumenyume, ameketi, akijisukuma kwa mikono.

Na watu? Watu walikuwa na utani wao. Walimwita Bwana Saruji. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameumizwa, naamini, kwa kuwa walimheshimu. Baada ya Misa, kwenye baa ya Reinulf, mmoja alikuwa akisema: "Bwana Saruji, banda langu la kuku linavuja, una dakika?" Naye alijibu, "Nikimaliza langu." Wakicheka, alicheka. Nikimhudumia supu nyumbani nilimwona anashindwa kushika kijiko.

Siku moja ya Oktoba, saa sita mchana, Volkmar alipanda akiwa na nyundo yake. Aliokota jiwe.

"Liweke chini, mwanangu," Ottmar alimwambia.

"Mzee, siwezi kuendelea hivi. Sili. Mke wangu anadhani nina mwanamke."

"Mwambie hapana, ni jiwe."

"Nikusaidie hata saa moja kwa siku. Nani atajua?"

"Watauliza kwa nini Volkmar anamsaidia Saruji. Utajibu nini? Wewe hujui kudanganya, ulikuwa hivyo hivyo tangu mtoto, Irmgard ananiambia. Shuka."

Volkmar alishuka. Aligeuka mara moja na kunitazama, na mimi nikainama nikaendelea kujaza kikapu.

Krismasi ilifika zikiwa zimebaki mita tisa. Januari barafu ilishika mawe ardhini ikabidi tuyamwagie maji ya moto. Kwenye usomaji wa mwaka ule Ottmar alikwenda na kuketi mahali pake pa siku zote. Sheria ya kuta iliposomwa, hakuna aliyemtazama. Nilijua kwa namna walivyokuwa wakitazama meza.

Tarehe kumi Februari zilikuwa zimebaki mita nne.

Alifanya kazi hadi kengele ya Angelus ya mchana. Kisha aliweka nyundo, akaifuta, akateremka. Nyumbani alioga, akavaa suti ya Jumapili, akachukua kisu cha kupogolea, kwa kuwa ndivyo shamba linavyokabidhiwa hapa, na akavuka njia hadi kwa Apollonia. Nilimfuata. Apollonia alifungua mlango akiwa na unga mikononi.

"Ukuta haujasimama," Ottmar alisema. "Mwaka umekwisha, na siku imekwisha."

Apollonia alikiona kisu. "Usijifanye mjinga, Ottmar. Bado mita nne. Endelea, nani anakuhesabia?"

"Imesomwa."

"Imesomwa, imesomwa! Na ya kuku imesomwa pia, mbona kuku wako wamo bustanini kwangu kila siku?"

"Ya kuku tunacheka."

Apollonia aliacha kufoka. Alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole baada ya kidole. "Sikuitaka," alisema. "Nina miaka hamsini na sita, nina mashamba mawili yanayonishinda. Nifanye nini na ngazi yako?"

"Ni yako kuamua. Mistari ya juu ipogolewe kabla ya Machi, inawahi kuchipua."

Akakipokea. Tuliporudi, Ottmar alivua suti, akaitundika, akanisaidia kumenya viazi.

Aliishi miaka mitano baada ya hapo. Hakupanda tena mteremko ule hata mara moja. Alitengeneza ukuta wa makaburi bure, alisuka vikapu, aliketi dirishani upande wa barabara, siyo upande wa mlima. Apollonia aliipogoa ile mistari kwa miaka miwili, kisha aliiacha. Mita nne zile zilibaki wazi. Kila mvua ilipita hapo na udongo wa kuta za juu, na majani ya miiba yakaanza kushuka kutoka msituni. Kutoka jikoni niliweza kuona pengo lile, kwa hiyo niliweka pazia.

Desemba iliyopita mapafu yake yalianza kujaa maji. Nilikaa naye. Siku moja baada ya rozari nilimwambia, "Kaka, niruhusu niseme sasa. Nakuomba."

"Ngoja nitoke kwanza," alisema. "Kisha ufanye utakavyo. Mimi nimeshazoea lile jina."

Tulimzika Jumatatu. Baada ya mazishi watu walikuja Ukumbi wa Zaka kunywa kahawa na kula keki, kama kawaida yetu, na ukumbi ulijaa, maana alipendwa pamoja na yote. Walikuwa wakisimulia habari zake na kucheka kidogo, na Reinulf akasema, bila ubaya, "Apumzike kwa amani Bwana Saruji." Hapo nikasimama. Nilisema ni mimi. Nilisema alikuwa hospitali, aliniambia nisiuguse, nikaugusa, na siku ile pale mteremkoni nilikuwa nimesimama kando yake nikanyamaza. Halikuwa jambo refu. Volkmar alifunika uso wake kwa mikono miwili.

Apollonia alikuwa ameketi mbele yangu.

"Miaka mitano," alisema. "Nimepita mbele ya nyumba yenu miaka mitano nikimgeuzia uso. Alinisalimia kila asubuhi, Irmgard. Kila asubuhi, 'Habari za leo, jirani.' Nami sikujibu."

"Najua."

"Hujui kitu." Alisimama, akavaa koti. "Unasema leo, ili nimwombe radhi nani?"

Alitoka, na wengine wakatoka. Nikabaki na vikombe.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, niliwaona wakipanda. Walikuwa kumi na wanane, Reinulf, Volkmar na Apollonia mbele kabisa akiwa na nyundo ya marehemu mumewe. Hakuna aliyepita kwangu. Walikata miiba, wakachimba msingi, wakaanza kupanga. Kwa watu kumi na wanane mita nne ni kazi ya siku moja.

Nilipika supu ya dengu yenye soseji, sufuria kubwa tuliyotumia wakati wa mavuno, nikaifunga kwa kitambaa na kuipandisha hadi chini ya ukuta wa tatu. Mikono yao ilikuwa ikipokezana mawe, kutoka mmoja hadi mwingine, kama ilivyotakiwa kuwa mwaka ule. Hakuna aliyeacha kazi. Apollonia peke yake ndiye aliyegeuka, jiwe likiwa mikononi mwake, akanitazama, kisha akatazama sufuria.

"Weka hapo," alisema.

Niliiweka, nikasubiri kidogo, kisha nikateremka.